Daftari la Mijusi, Ngara

Ghorofa ya nne, nyuma ya maduka ya vitenge,
friji iliyokufa nimeigeuza kiangulio:
balbu moja, kipimajoto, chupa za maji moto
kwa usiku stima inapokatika bila kuaga.
Baridi ya Julai hunizalia majike tu;
kwa mijusi hawa joto ndilo huamua
nani atakuwa dume.

Rangi, hiyo ni kazi ya damu.
Mwana hutazama kisogo cha nina,
ila wahenga hawakumjua Tandala,
manjano kama ndizi ya Kisii,
aliyetaga mayai mawili kwenye kopo la majarini
na mmoja akatoka mweupe pe, macho ya waridi.
Nikarudi nyuma kurasa tisa za daftari.
Kumbe yeye na dume wake
walibeba weupe ule kimya, kila mmoja kipande,
kama noti iliyochanika
ikingoja mifuko miwili ikutane.

Kisha yupo Pambo.
Mgongo wake vigae vilivyovunjika, rangi juu ya rangi.
Nikimwekea nyenje, anang'ata hewa,
anakosa, anageuka kushoto,
kushoto, kushoto,
shingo imepinda, anaikodolea dari
kama aliyesikia jina lake likiitwa huko juu.
Jeni yake haijifichi. Uzuri na kizunguzungu
ni mbegu moja; huwezi kumenya kimoja
ukaacha kingine.

Jana Bwana Shamalla alipanda ngazi akihema,
akapanga elfu arobaini mezani:
"Mpandishe kwanza. Nipe watoto sita.
Hicho kichwa? Anadensi tu."
Nilizitazama zile noti. Kodi ni tarehe tano.
Mutiso, mpwa wangu, hakusema neno;
alishika nyenje kwa kikoleo,
akakisogeza, akakisogeza,
mpaka mdomo wa Pambo ukaupata mguu mmoja.

Bwana alishuka na pesa zake.
Kutoka ngazi ya tatu alipaza sauti
kwamba Rongai kuna mtu hana maringo.
Huenda.

Pambo sasa ana sanduku lake,
karatasi ya jikoni chini, hakuna jiwe la kumwangusha.
Kibali cha wanyamapori kinaning'inia ukutani,
lakini hakisemi lolote kuhusu kushoto, kushoto.
Kwenye safu ya mwenzi nimepiga mstari.
Kwenye safu ya watoto kalamu iligoma,
nikairudia sifuri mara mbili
ikatoboa karatasi.