Faili Lisilo na Saini

Kalamu ile ile, pale Chamwino,
asubuhi iliteua mkuu wa wilaya,
mchana ikamtengua mwingine, chai yake hajaimaliza.
Muswada wa bungeni ukawa sheria
kabla wino haujakauka.

Lakini kuna faili moja
Ndahani wa masjala hulipangusa vumbi
kila Jumatatu, mwaka wa kumi na moja sasa.
Hukumu: kunyongwa hadi kufa.
Mstari wa saini: mtupu.
Amiri jeshi mkuu
hajauamrisha mstari huo.

Nje ya geti la Isanga, Sechelela
anapima zabibu kwa kopo.
Hajui ibara, hajui kifungu.
Anajua mwanawe anakula, anakohoa,
analalamikia kunguni,
kwa kuwa mtu mmoja, mwenye uwezo wote huo,
aliinua kalamu
akairudisha mezani.

Huruma? Woga? Au shughuli tu zilimzonga?
Ndahani hajui. Hufunga kabati,
ufunguo mfukoni,
na akipita Isanga kurudi Nkuhungu
hununua kopo moja, haulizi chenji,
hasemi kitu.

Zabibu za mwaka huu ni chachu.
Anazila zote.