Dawa Ambazo Hazijakutana

Mvua ya Ioannina haina haraka; inanyesha tangu Jumatatu.
Ofisini nimebaki mimi, na kahawa iliyopoa,
na maduara kumi na moja ubaoni.
Kila duara ni dawa ya kipandauso,
kila mstari ni jaribio lililozikutanisha mbili.
Mstari mnene, wagonjwa wengi.
Mwembamba kama uzi wa buibui:
watu thelathini na wanane, hospitali moja, baridi moja.

Katikati kipo kidonge cha unga mtupu.
Hakiponyi, lakini kila dawa imewahi kupambana nacho.

Ya buluu na nyeupe hazijaonana.
Nani agharamie pambano hilo?
Wenyewe hupenda kukipiga kile kitupu.
Basi nakipitia hicho: wewe ulikishinda kwa kiasi gani,
na mwenzako je? Natoa, inabaki tofauti,
kisha shaka za pande zote mbili nazijumlisha,
maana shaka hazitoani.

Mjomba Stamatis hakuelewa. Nikamwekea mfano wa tavli,
pale mkahawani kando ya ziwa:
wewe humfunga Lefteris, Lefteris humfunga Pandelis;
ukikaa na Pandelis, nani atafungwa?
Akatikisa dadu kiganjani.
“Lefteris yupi? Wa asubuhi,
au wa baada ya glasi ya tatu?”

Miaka sita chuoni, na sikuwahi kuambiwa vizuri hivyo.

Nikarudi kwenye makabrasha.
Jaribio la zamani: vijana, maumivu mara mbili kwa mwezi.
La juzi: wazee, kila siku nyundo ya mfua fedha utosini.
Unga ni ule ule,
anayeumeza siye yule.
Ndiyo maana pembetatu yangu ya kushoto haifungi:
njia ya mkato inasema hivi,
ya kuzunguka inasema vile,
na mimi nimeshika chaki.

Saa tatu usiku Shangazi Froso akapiga simu.
“Umemaliza? Nimeze ipi?”
Nikamwambia: ya kijani, nafasi sitini na mbili katika mia
kwamba ndiyo ya kwanza.
“Na thelathini na nane zilizobaki?”
Nikasikiliza mvua.
“Haya,” akasema, “acha nichemshe chai yangu ya mlimani,
nifunge kitambaa, nizime taa.”

Hiyo haimo ubaoni. Hakuna aliyeipima.
Nikachora pembeni duara la kumi na mbili,
lisilo na mstari hata mmoja,
nikatafuta koti langu.