Chumba Kimya

Swali lao la tano: una chumba kimya?
Nikajibu ninacho,
huku mguu wangu ukiuzuia mlango wa jikoni
na jogoo wa jirani Tsvetan akiwika saa nane mchana
kama aliyelipwa aje aniharibie.
"Ni redio," nikasema.
Yule kijana wa Vienna akatabasamu, akaandika kitu.
Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kazi yenyewe ni kupokea simu za watu wenye baridi.
Mtambo wa kupasha nyumba joto umezimika,
taa nyekundu inapepesa, wanapiga,
nami nawaelekeza wabonyeze wapi, wangoje kwa muda gani.
Kijerumani sikukipata shuleni.
Nilikiokota miaka sita huko Graz, neno baada ya neno,
kwenye mabeseni ya kuogeshea wazee:
inua mkono, geuka, pole, tumemaliza.
Wiki sita huko, mbili hapa Vidin,
na katikati yake usiku mzima ndani ya basi dogo,
magoti yakigongana na magoti ya wanawake wenzangu
tuliokwenda kuwatunza akina mama wasiotuzaa
tupate kuwalisha tuliowazaa.

Chumba sikuwa nacho. Nilikuwa na kabati.
Nikatoa mitungi ya pilipili, ubao wa kupigia pasi,
pampu ya baiskeli iliyokwisha kuuzwa.
Makoti ya marehemu baba nikayaacha yaning'inie:
sufu nzito hunywa sauti.
Hata sasa, nikivuta pumzi kabla ya kujibu,
navuta tumbaku yake.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kutokea,
nikapaka rangi ya mdomo, nikaaga.
"Unakwenda wapi?" Lyuben akauliza.
"Kazini."
Hatua tisa. Nilizihesabu.

Nilimwacha kwa bibi yake ana miaka saba, meno ya mbele hana.
Nimemkuta na sauti nzito
na mlango anaoufunga kwa ndani.
Nilidhani kurudi ndiko kufika.
Tena nami nikaja na sheria zangu:
soksi nyekundu ikiwa kitasani, nina mtu,
usigonge, usikohoe, usiulize chumvi iko wapi.
Soksi ile hukaa kitasani saa nane kwa siku.
Nimerudi nyumbani, naam.
Nimerudi hadi kwenye soksi.

Jana baridi ilishuka hadi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Simu zikafuatana kama watu kwenye foleni ya mkate.
Mmoja alikuwa bikizee wa milimani, yu peke yake,
vidole vinamtetemeka, kitufe hakioni.
Nikamwambia ajifunike blanketi, aketi,
anisimulie habari za paka wake mpaka mtambo uamke.
Paka alikuwa na habari nyingi.
Kwenye kioo namba zikageuka nyekundu: umezidisha muda,
umezidisha muda.
Kisha nikasikia, mbali kule, mabomba yakigugumia,
na yule mama akilia, si kwa huzuni.

Nilipofungua mlango nusura nimkanyage Lyuben.
Amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati,
bakuli la maharage mapajani, limepoa, hakuligusa.
Sijui alikuwa pale tangu lini.
"Ulikuwa unamwambia nini?"
"Nani?"
"Huyo. Ulikuwa ukirudia neno moja moja,
kwa sauti ile."
Sikujua kama ninayo sauti ile.
"Nilimwambia asiogope. Kwamba nipo naye,
siendi popote."

Akazungusha kijiko ndani ya bakuli.
"Liseme tena."
Nikalisema, kwa Kijerumani, kama nilivyolisema.
Akasikiliza kichwa kimeinama,
kama anayesikiliza bomba kama lina maji.
"Sasa liseme kwa lugha yetu."

Nyuma yangu, gizani katikati ya makoti, simu ikaita.
Ikaita tena.
Nikaiacha.