Koti la Kibuye

Koti lile lilining'inia msumarini miaka mitatu.
Lilitoka kwenye robota nililolifungua Jumatatu ya mvua,
jeusi, zito kama mbuzi aliyelowa,
na Kisumu hii, saa nne tu asubuhi
mabati yanaanza kulia kwa joto.
Nani angenunua koti la manyoya?
Watoto walijifichia humo.
Paka alizalia chini yake, mara mbili.

Ndipo akaja Ogweno, fundi wa mafriji pale hospitali,
akalipapasa kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Mama Akumu, bei?"
"Elfu mbili."
"Naenda Bhutan."
"Hata ukienda mbinguni, ni elfu mbili."

Akacheka. Akasema ni nchi ndogo, iko juu ya milima,
wamemwita akatengeneze mafriji ya chanjo.
Nikashika kiuno: nchi iliyolalia barafu
inaagiza fundi wa friji
kutoka huku tunakotoka jasho tukiwa tumekaa?
Tukapatana kwa elfu moja na mia mbili,
na ahadi ya kunisimulia.

Amerudi. Amekaa juu ya robota, mimi napanga sidiria,
naye anasimulia kuanzia katikati, wanaume wasimuliavyo,
hadi namrudisha mwanzo: Nairobi usiku.
Doha, kiwanja kinachong'aa kama sufuria mpya.
Delhi, saa kumi na moja kwenye kiti cha chuma,
miguu imevimba, viatu vinamkataa.
Halafu ndege ndogo
ikajipenyeza kati ya milima
kama uzi wa bibi unavyotafuta tundu la sindano,
bawa likakaribia kugusa misonobari.
Alimwona mtu akianika pilipili juu ya paa.
"Nilimwona, Mama Akumu, hata rangi ya sweta yake."
Aliomba kwa Kijaluo,
maana Kiingereza, anasema, kilimwishia angani.

Kisha magurudumu. Kisha mlango.
Kisha kimya.

Hapa sauti yake inashuka, nami nainama.
Si kimya cha usiku wetu, chenye mbwa na jenereta.
Kimya kilichokuwa kimekaa pale kabla yake
na hakikuinuka kumpisha.
Hewa nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi:
unavuta, unavuta, kifua bado kinadai.
Ngazi za ndege zikamshinda.
Akakaa kwenye ya nne,
fundi mzima, amekumbatia mkoba,
na watu wote nyuma yake wakangoja.
Hakuna aliyemsukuma.

Afisa wa mihuri, joho limekunjwa kiunoni,
soksi zimepanda hadi magotini,
akaipindua pasipoti yake huku na huku.
"Kenya. Huko kuna milima?"
Akataka kutaja Elgon. Akataka kutaja vilima vya Nandi
tunavyoviona kutoka hapa mvua ikikatika.
Akaitazama ile iliyosimama nyuma ya afisa,
akasema, "Kuna ziwa."

Nikaacha kupanga.
"Ulisema hivyo?"
"Nilisema hivyo."

Nje, vitambaa vimetungwa kwenye kamba, mlima hadi mlima,
buluu, vyeupe, vyekundu, kijani, manjano,
vimechanika pembeni, upepo unavisoma.
Ni sala, wakamwambia baadaye.
"Lakini mimi nilidhani ni mitumba.
Nilidhani nimefika kwako."

Sikujibu. Kuna vitu mtu hujibu kwa kukunja nguo.

"Na koti?"
Akatazama viatu vyake.
Palikuwa na dereva, mzee Tshewang, kikohozi kibaya,
na asubuhi ya kurudi palikuwa na theluji barabarani.
Nikamtukana kidogo, kwa heshima ya biashara.
Akatoa mfukoni kamba ya pilipili kavu,
nyekundu hadi karibu nyeusi,
na harufu ya moshi wa kuni nisizozijua.

Zinaning'inia msumarini sasa.
Wateja wanauliza bei. Nawaambia haziuzwi.
Wakisisitiza, nawaambia elfu mbili.