Nafuu Mara Mbili

Kimanthi wa saiba amegeuza kioo cha kompyuta
nisome mwenyewe, maana hataki kulisema:
shilingi elfu sabini na tano.
Nyuma yangu foleni ya Juni imepinda hadi ngazini,
kila mtu na P9 yake mkononi, imekunjwa mara nne
kama barua ya posa iliyokataliwa.

Nikasema, hapana. Mimi hukatwa.
Kabla mshahara haujanifikia
mkono wa mtu umeshapita humo.
Mimi si mkwepaji, mimi nimeajiriwa.
Kimanthi akasogeza kiti, akaweka kidole juu ya safu mbili:
Umeajiriwa, ndiyo. Umeajiriwa mara mbili.

Jumatatu hadi Ijumaa, hospitali, Ngara, dirisha la dawa namba tatu.
Jumamosi na Jumapili, tangu Machi, duka la Bi. Gathoni, Donholm,
elfu thelathini kila tarehe tano, hajawahi kuchelewa.
Na kila mwajiri, kwa uaminifu wake,
alipiga hesabu kana kwamba mwenzake hayupo.
Kule Donholm nilionekana mtu wa kipato kidogo,
nikatozwa kidogo,
kisha nikapewa tena nafuu ile ile niliyopewa Ngara,
elfu mbili mia nne
ambazo sheria humpa mtu mmoja, mara moja.

Nafuu.
Neno hili ndilo kazi yangu.
Nalipima kwa mililita, nalihesabu kwenye trei ya bluu
kwa kijiko bapa, mbili mbili,
naliandika juu ya bahasha: moja mara tatu, baada ya chakula.
Mara ngapi nimemwambia mgonjwa kupitia tundu la kioo:
Umetoka hospitali gani? Walikupa nini huko?
Usinywe hii juu ya ile. Ni dawa moja, majina mawili.
Naye huitikia kwa kichwa,
na ule mfuko mwingine ameubana kwapani.

Zilikwenda wapi? Sikumbuki starehe.
Nakumbuka karo ya Moraa, muhula wa pili na wa tatu.
Nakumbuka godoro.
Nakumbuka kumtumia mama pesa za mabati,
nikamwambia asirudishe,
nikajiona mkubwa.

Kwenye ofisi ya kodi, ghorofani, afisa aitwaye Ekal
hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa,
nikakosa pa kuitua ile hasira.
Aprili imeshapita, akasema, kwa hiyo riba inatembea,
na riba hailali.
Lakini andika barua, omba kulipa kidogo kidogo.
Miezi sita?
Nikawaza unga, nikawaza kodi ya nyumba.
Ajabu ya lugha yetu: mwenye nyumba na serikali
wanakudai kwa neno moja.
Nikasema, sita.

Jumamosi nilifika Donholm kabla mlango haujafunguliwa.
Nilimpa Bi. Gathoni karatasi, nimeiandika kwa mkono:
Kuanzia Julai, tafadhali, usinipe nafuu.
Ninaipata kwingine. Nikate kwa kiwango cha juu.
Akaisoma mara mbili, miwani puani.
"Miaka kumi na tisa nalipa watu," akasema,
"hajaja mmoja kuomba akatwe zaidi."
Akacheka. Akaacha kucheka.
Akatoa leja chini ya kaunta, akalamba kidole,
akaanza kunihesabu upya.

Mteja wa kwanza akagonga kioo, mtoto mgongoni, anakohoa.
Mkono wangu ulikuwa umeshaielekea chupa.
Nikaurudisha.
Mama, nikauliza, tangu jana amekunywa nini?