Funguo Uliacha

Chilongani, ulipohamishiwa Manyoni
funguo za ofisi uliacha mezani,
majina ukaondoka nayo.

Leo natafuta kile kipande cha msimbo
kinachokokotoa faini ya ankara ya maji
mwezi ukiishia Jumapili.
Najua kipo. Nilikuona ukikiandika
mwezi wa nane, upepo wa Mtumba
ukitupa vumbi dirishani,
chai yako ikishika utando.

Nimeandika *faini*: hakuna.
*Adhabu*: vitatu, vyote vya watumishi wachelewaji.
*Mdaiwa*: kimoja, kimekatika mstari wa tisa.
Wewe ulimwitaje mtu asiyelipa maji?
Mteja? Mlipaji? Mwananchi?
Kwenye kabrasha lako nakuta *mpya*,
*mpya2*, *mpya_sasa*, *ya_mwisho*,
*ya_mwisho_kabisa*,
na moja inaitwa *usifute*,
tupu ndani kama mtungi wa Oktoba.

Mama yangu, kule Hombolo,
ana vibuyu kumi na viwili juu ya jiko.
Uwele wa kula hakuufunga kitu.
Wa kupanda kaufunga kipande cha kanga,
na usiku, koroboi imezimika,
anapapasa tu, anashusha anachokitaka.
Nikamuuliza, mbona hiki kina mafundo mawili?
"Mbegu hii haipendi bondeni," akasema.
"Ilinifia mwaka ule wa maji mengi."

Wewe hata fundo la kwanza hukufunga.

Saa kumi nikakata tamaa, nikaanza upya.
Mstari wa kumi na nne
ndipo nilipokumbuka kosa lako:
siku zote ulikuwa ukila herufi ya mwisho.
Nikatafuta *jumapil*.

Kikatoka. Kimoja tu, kizima,
ndani ya kabrasha uliloliita *chai*.
Na juu kabisa, kabla ya hesabu yoyote,
umeandika:
*Sechelela akiuliza, mwambieni kiko hapa.*

Nimecheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.

Nimekibadilisha jina. Sasa ni *faini_ankara_jumapili*.
Nimeweka cha kukipa, na kinachorudisha,
na kwamba mwenyewe yuko Manyoni, apigiwe mchana.
Chini yake nimefunga fundo la pili:
*Hakijui Idi. Mwezi haujaandama,
usikiamini.*