Kikombe cha Saba

Vwawa, saa mbili asubuhi. Madirisha tumeyafunga
upepo wa Mbozi usije ukatuibia harufu.
Vikombe kumi mezani, ndoo ya kutemea,
na karatasi yenye ladha zilizokwisha kuchapwa:
asumini, forosadi, bluberi.
Bluberi sijawahi kuiona hata kwenye gazeti.

"Fyonzeni kwa kelele," alisema Bwana Nzunda,
"adabu ziacheni nje na viatu."

Kikombe cha tatu, Andongwisye wa Kyela akasema kakao,
tena si ya unga: ule utelezi mweupe
unaonyonya ukitoka shule, ukatupa mbegu.
Mwanaidi, mzaliwa wa Pangani, akaapa ni iliki.
Kihwele alifumba macho akarudi Kilolo:
"Ulanzi," akasema, "ulanzi wa alfajiri,
kabla haujakasirika."
Karatasi ikasema: utamu wa wastani.

Kisha cha saba.
Nilipoinama, mvuke ukaniita kwa jina la nyumbani,
Subi,
nami nikawa Isyonje, saa kumi na moja, ukungu mlangoni,
mama na karai la bati,
kisu kisicho na mpini,
maganda ya viazi yakidondoka majini,
wanga ukimkaukia vidoleni kama chokaa.
Vidole hivyo vilinipangusa kamasi.
Vidole hivyo vilihesabu noti za lumbesa
kando ya barabara ya Tukuyu, moja moja,
mpaka ada ikatimia.

Nikaandika: tisini. Nikapigia mstari.

Bwana Nzunda alisoma. Hakucheka.
Akaonja, akatema, akasubiri kidogo.
"Kiazi ni kasoro, binti.
Mdudu alitoboa tunda likiwa bado mtini.
Mnunuzi akikutana na hiki
anarudisha gunia zima."
Akanipa kalamu nyekundu.

Siku hizi wananiita pua ya Isyonje.
Kati ya vikombe mia nakitambua kiazi
kabla kijiko hakijafika mdomoni.
Naandika kasoro, kwa mwandiko mzuri.
Ila kabla ya kutema nakaa nacho kinywani
kupita muda unaoruhusiwa,
na Andongwisye, ambaye ameshaona,
hujifanya anatafuta kalamu.

Pasaka nilimpelekea mama ile kahawa bora,
iliyopata themanini na tisa, yenye asumini.
Nikaichemsha kwa kipimo, nikamweleza namna.
Alikunywa mkupuo mmoja, akakunja uso.
"Imeungua," alisema. "Au ni dawa?"
Nikamwonyesha tunavyofanya kazini:
fyonza, zungusha, tema.

Akaitazama kahawa inavyozama kwenye udongo wa ua,
akanitazama mimi.
"Subi," akasema,
"nani alikufundisha kutema?"